Charles Lamb: Mwuguzaji Naye Huugua

Wengi wetu tuliosomea fasihi twamjua Charles Lamb kwa kitabu kimoja: hadithi za tamthilia za Shakespeare, alizozisimulia upya pamoja na dada yake Mary mwaka wa 1807. Mzigo walioishi nao ndugu hao haujulikani sana.

Lamb alizaliwa London mwaka wa 1775. Akiwa na umri wa miaka 20, yeye mwenyewe alilazwa majuma sita katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Mnamo Septemba 1796, Mary alipandwa na wazimu akamuua mama yao kwa kisu. Ili dada yake asifungiwe maisha, Charles, karani wa Kampuni ya East India, aliahidi kumtunza. Ahadi hiyo aliitimiza kwa miaka 38. Kila dalili za maradhi zilipojitokeza, waliandamana kwa miguu kurudi katika nyumba ya wagonjwa, huku wakilia. Hakuoa, na ulevi ulimtawala. Alifariki Desemba 1834. Mary, mgonjwa, aliishi hadi 1847.

Sisi nasi humsifu mwuguzaji kwa subira yake, kisha tukamwachia subira hiyo iwe dawa yake. Mwanafunzi anayesinzia darasani huenda amekesha na mzazi mgonjwa. Mwalimu mkali huenda ana ndugu mlevi nyumbani. Tubishapo hodi kumjulia hali mgonjwa, tumjulie hali pia yule anayetufungulia mlango.