Maisha ya Rudolf Diesel

Wengi wetu huku Mbinga tukisikia neno dizeli tunafikiri mafuta yaliyo kwenye dumu. Hata mimi nilifikiri hivyo mpaka likizo ya mwezi wa Juni, gari la mjomba wangu lilipougua. Mjomba anayo pikapu kuukuu ya dizeli, ambayo huchukua dagaa kutoka Mbamba Bay kupandisha mpaka soko la Mbinga. Mahitaji yangu ya bweni hutoka katika pikapu hiyo. Basi ikaanza kuwaka kwa taabu asubuhi; ikiwaka inatetemeka, na mlimani inakosa nguvu kabisa. Tena ile taa ndogo ya njano yenye sura ya injini ikawaka, isizimike. Gereji moja ilimwambia kwamba pampu ya dizeli imekufa, na bei aliyotajiwa ilizidi mapato yake ya miezi mingi. Mjomba alikaa kimya siku mbili. Mimi, nikiwa sina la kufanya, nilisoma kitabu cha injini nilichoazima katika maktaba yetu, na humo nikakutana na mtu mwenyewe.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka baina ya Ufaransa na Wajerumani, jamaa hiyo ililazimika kukimbilia London, na huko maisha yalikuwa ya dhiki. Kijana akapelekwa peke yake kwa ndugu zao mjini Augsburg, akiwa na miaka kumi na miwili tu, akasome. Nasi tunaolilia nyumbani wiki ya kwanza ya muhula tumfikirie huyo. Baadaye aliingia chuo cha ufundi cha Munich. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho. Akangoja, akaufanya mwezi wa Januari 1880, akapata alama za juu sana.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mitambo ya barafu, chini ya mwalimu wake Carl von Linde. Lakini moyo wake ulikuwa katika injini. Siku zile viwanda viliendeshwa kwa mvuke, na mitambo ya mvuke ilikula makaa mengi na kurudisha kazi kidogo, kama sehemu 10 tu katika 100 za joto lililotumika, na mingine hata pungufu. Diesel aliona hasara hiyo kuwa ni aibu. Msomaji aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto mkononi. Diesel alitaka kuubana upepo ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mno, hata joto lake liyawashe mafuta yenyewe pasipo cheche. Mwaka 1892 aliandikisha wazo hilo serikalini, na mwaka uliofuata akalitolea kitabu.

Tarehe 10 Agosti 1893, katika kiwanda cha mitambo cha Augsburg, injini ya kwanza ilijaribiwa. Juu ya silinda walikuwa wamefunga chombo kiitwacho indiketa, ambacho huchora kwenye karatasi mstari wa nguvu iliyomo ndani ya silinda, ili fundi asome ugonjwa wa injini asiouona kwa macho. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa mshindo mkubwa, na indiketa ikapasuka vipande vipande mbele ya uso wa Diesel. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeumia. Tangu hapo alikaa miaka akichora michoro ile, akibadilisha kitu kimoja, akichora tena.

Ninalolipenda zaidi ni la tarehe 17 Februari 1894. Injini ilikuwa ikizungushwa kwa mkanda kutoka mashine ya kiwanda. Ghafula fundi mmoja aliona kwamba mkanda umebadilika jinsi ulivyokazana: injini ilikuwa imeacha kuvutwa, nayo sasa yavuta! Diesel, mwenye elimu yote ile, alikuwa hajatambua. Yule fundi hakusema neno, alivua kofia yake tu. Injini ilijiendesha yenyewe kama dakika moja.

Niliposoma hayo nilimshawishi mjomba tumwone mzee mmoja fundi wa pwani ya ziwa. Mzee alifungua boneti, akaunganisha matundu mawili ya plagi moja kwa kipande cha waya, akatuambia tuhesabu taa. Ikawaka mara mbili, ikapumzika, ikawaka mara mbili: 22. Kwa gari la namna ile, maana yake ni sensa ya joto la maji, na kweli waya wake ulikuwa umetafunwa na panya. Akaunga waya, akafuta kumbukumbu, taa ikazima. Mjomba alifurahi, lakini injini iliendelea kutetemeka. Mzee hakushangaa. Alifunga mpira mweupe unaopitisha macho katika njia ya dizeli, nasi tukaona mapovu: mpira mkuukuu kati ya chujio na pampu ulikuwa na ufa, ukivuta hewa. Mpira mpya ulimgharimu mjomba fedha ndogo sana. Pampu ilikuwa nzima.

Turudi kwa Diesel. Mwaka 1897 injini yake ilipimwa na profesa wa Munich, ikarudisha sehemu 26 katika 100. Sifa zikaenea, na fedha zikaja nyingi. Lakini injini za kwanza zilizouzwa zilisumbua wanunuzi; ile ya kiwanda cha viberiti cha Kempten ilitengenezwa mara kwa mara. Diesel aliugua kwa mashaka, na utajiri wake ukapotea katika biashara mbaya za ardhi na mafuta.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliokota maiti baharini, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuirudisha majini. Mwanawe akavitambua vitu hivyo. Wengi husema alijitupa kwa sababu ya madeni. Hakuna aliyeona. Alikuwa na miaka 55.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilipigwa mizinga na Waingereza ikiwa nchi kavu kwa matengenezo, hapa Liuli petu. Hiyo ilikuwa meli ya mvuke. Nilipomweleza mjomba habari zote hizi njiani kuelekea Mbinga, alisikiliza mpaka juu ya mlima, kisha akauliza kama yule marehemu aliacha watoto. Nikamwambia watatu.