Bibi du Coudray, Mwalimu wa Wakunga

Zamani, katika vijiji vya Ufaransa, mama wengi walikufa wakizaa, na watoto wao pamoja nao. Wanawake waliowasaidia walikuwa na moyo mwema, lakini hawakuwa na mafundisho.

Angélique du Coudray alikuwa mkunga wa Paris. Mwaka 1740 alipata ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Baadaye alikwenda katika jimbo la Auvergne, akaiona taabu ile.

Wanawake wengi wa huko hawakujua kusoma. Basi akashona sanamu ya nguo na ngozi, mfano wa tumbo la mama, na mtoto ndani yake. Wanafunzi wake walijifunza kwa mikono: kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, na kumtoa polepole pasipo kumvuta kwa nguvu.

Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa barua ya kufundisha katika inchi yote. Alisafiri mji kwa mji, zaidi ya miaka 20, akafundisha maelfu ya wanawake. Nao wakarudi kuwasaidia mama wa vijiji vyao.

Alikufa Bordeaux mwaka 1794. Fundi mwema hafichi ufundi wake.

Maulizo: Kwa nini Bibi du Coudray alishona sanamu? Wanafunzi wake walijifunza nini?