Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima: Mwalimu wa Madrasa Iliyofichwa

Katika mji wa Basra, ulioko kusini mwa Iraq karibu na ncha ya Ghuba, aliishi katika karne ya kwanza na ya pili ya Hijria mwanachuoni ambaye malezi yake yalifika Oman, Yemen, Khurasan na Afrika ya Kaskazini. Naye ni Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima Attamimi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa na mali nyingi wala cheo cha serikali, na madrasa yake haikuwa na jengo la kujulikana. Pamoja na hayo, wanafunzi wake ndio walioihifadhi elimu ya Ibadhi na kuisambaza.

Nasaba yake na masomo yake

Imamu hakuwa wa Bani Tamim kwa damu, bali alikuwa maula wao, yaani mtu aliyefungamana na kabila. Tena alikuwa na chongo. Katika zama ambazo watu walipimana kwa ukoo, mambo hayo yangetosha kumweka mtu nyuma. Lakini yeye aliishika elimu, na elimu ikamnyanyua. Alisoma kwa Imamu Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa aliyehamia Basra, na pia kwa Suhar Al-Abdi na Jaafar bin As-Sammak. Imepokewa kwamba alikaa miaka 40 akijifunza, kisha miaka 40 akifundisha.

Kufungwa kwake

Gavana wa Iraq wakati huo alikuwa Hajjaj bin Yusuf, aliyejulikana kwa ukali wake. Alimtia Imamu gerezani pamoja na mwenzake Dhumam bin As-Saib, na hawakutoka mpaka Hajjaj alipofariki mwaka 95 Hijria (714 Miladia). Mtu aliyepatwa na dhulma kama hiyo huenda akatoka na chuki, akawarithisha vijana hasira yake. Imamu hakufanya hivyo. Alirejea kwenye darsa, kwa kujua kwamba umma haujengwi kwa ghadhabu bali kwa watu waliosoma na kulelewa vyema.

Madrasa ya chini ya ardhi

Kwa kuwa hatari ilikuwa haijaondoka, Imamu aliwasomesha wanafunzi wake katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Mlangoni aliwekwa mlinzi, na hapo palikuwa na mnyororo wa chuma. Alipopita mtu wasiyemjua, mlinzi aliutikisa mnyororo, nao wakanyamaza na kushughulika na kusuka makapu. Alipokwisha kupita, mnyororo ulitikiswa tena na darsa likaendelea. Kwa ajili ya kazi hiyo Imamu akaitwa Al-Qaffaf, yaani msusi wa makapu. Wala kazi hiyo haikuwa ya kuwapumbaza watu tu, kwani mwanafunzi aliyekaa mbele ya mwalimu mwenye kula jasho lake alijifunza kuwa elimu na kazi ya mikono havipingani.

Imamu hakusahau hali za wanafunzi wake. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwapo Abu Maudud Hajib At-Tai, aliyesimamia mambo ya mali, na wenye uwezo wakiwasaidia wenzao wahitaji. Na alipofika Abdurrahman bin Rustam, kijana mwenye sura nzuri aliyekulia Qairawan, imepokewa kwamba aliwekewa pazia baina yake na wenzake, ili yeye asibughudhiwe kwa kutazamwa na wao wasishughulike na jambo jingine. Hivyo mwalimu alichunga nyoyo zao kama alivyochunga masomo yao.

Wabebaji wa elimu

Kijana huyo alikuwa mmoja wa watano wanaoitwa wabebaji wa elimu wa Maghrib, ambao walisoma kwa Imamu miaka mitano, kuanzia mwaka 135 hadi 140 Hijria. Wenzake walikuwa Asim As-Sidrati, Ismail bin Darrar Al-Ghadamisi, Abu Daud Al-Qibilli na Abul-Khattab Al-Maafiri aliyetokea Yemen. Siku ya kuagana, Ismail alikuwa keshatia mguu katika kikuku cha kipando chake, naye akamuuliza Imamu masuala 300 ya hukumu. Imamu akamuuliza kama anataka kuwa kadhi. Ismail akajibu kwa kuuliza itakuwaje iwapo atapewa mtihani huo. Imamu hakumtukuza kwa wingi wa masuala yake. Alitaka kwanza aijue nia yake, kwani ukadhi ni amana nzito.

Matunda ya malezi

Abul-Khattab alichaguliwa kuwa Imamu huko Tripoli mwaka 140 Hijria, akauawa vitani mwaka 144. Abdurrahman bin Rustam alipewa Uimamu huko Tahert, katika nchi ya Algeria ya leo, mwaka 160 Hijria. Inasimuliwa kwamba wajumbe kutoka Basra walipomfikia na mali ya msaada, walimkuta juu ya dari akikarabati nyumba yake kwa mikono yake. Waliporudi mara ya pili na mali nyingine, aliwarejeshea, kwa kuwa watu wake walikuwa wamekwisha kujitosheleza. Huyo ndiye mwanafunzi wa msusi wa makapu.

Imamu mwenyewe alifariki Basra katika ukhalifa wa Abu Jaafar Al-Mansur. Baada yake aliongoza mwanafunzi wake Rabii bin Habib, mwenye asili ya Oman, ambaye sehemu kubwa ya Hadithi za Musnad wake ameipokea kwa Abu Ubaida kutoka kwa Jabir bin Zaid.

Katika maisha haya mna mazingatio kwa kila mzazi anayelea watoto ugenini, mbali na vyuo vya wazee wake. Madrasa yaweza kuwa chumba kimoja, ikiwa humo mna mwalimu mwenye subira, kazi ya halali na huruma kwa mwanafunzi. Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abu Ubaida, na awajaalie vijana wetu wawe wabebaji wema wa elimu. Amin.