Makhan Singh na Mishahara ya Rangi Tatu

Zama za mkoloni, mshahara wa mtu Kenya ulijulikana kwa kumtazama uso. Serikalini na kwenye reli kulikuwa na ngazi tatu: ya juu ya Mzungu, ya kati ya Mhindi, ya chini ya Mwafrika, hata kazi ikiwa ni moja. Makhan Singh alitumia umri wake kuupinga mpango huo.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi 1927 kumfuata baba yake, aliyekuwa amefanya kazi reli kabla ya kufungua kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Chini yake chama kikabadilishwa jina na milango ikafunguliwa kwa kila mfanyakazi, awe wa rangi gani. Hilo halikuwa jambo dogo. Ngazi zile ziliwafaa matajiri: Mhindi akidai nyongeza, yupo Mwafrika wa kulipwa kidogo, naye Mwafrika akilalamika, humwona Mhindi kuwa ndiye anayemdhulumu.

Januari 1947 Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, waligoma na kukutana Majengo, Kiwanja cha Maskini. Chini ya Chege Kibachia walidai, pamoja na mengine, ujira sawa kwa kazi sawa. Wakati huo Singh alikuwa India, alikokuwa amewahi kufungwa na Waingereza. Alirejea Kenya Agosti mwaka huohuo, mwezi ambao Kibachia alikamatwa.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mei 1950 wote wawili walikamatwa. Singh alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja, hadi Oktoba 1961. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo cha maana. Akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, akafariki 1973.

Leo Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini ngazi za mkoloni zilikuwa wazi, kila mtu akizijua, ndiyo maana watu waliweza kuzipinga. Za leo zimo ndani ya bahasha, na wanaofanya kazi meza moja huona haya kuulizana. Haki usiyojua kama umenyimwa, utaidai vipi?