Shekhar Mehta: Mkimbizi Aliyeishinda Safari Mara Tano

Mwaka jana nilivunjika mkono wa kushoto. Wengi wenu mnajua, maana mliandika majina yenu kwenye plasta mpaka ikakosa nafasi. Wasiojua ni jinsi ulivyovunjika. Nilisema nimeteleza bafuni. Leo naomba radhi kwa uongo ule na kusema kweli: tulikuwa vijana watatu juu ya baiskeli, tukishindana kushuka mteremko wa Wundanyi kwenda Mwatate. Mnaijua barabara ile. Kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, huku bonde. Katika kona ya nne mimi ndiye niliyekuwa mbele. Katika kona ya tano nilikuwa mtaroni.

Nilikaa nyumbani wiki tatu. Babu yangu hakunigombeza hata kidogo, jambo lililonitia hofu kuliko fimbo. Alileta kiti chake karibu na kitanda akaniuliza kama namjua Shekhar Mehta. Nikasema simjui. Akatikisa kichwa, akasema ati kijana wa Taita anayependa mbio na hamjui Mehta ni kama mvuvi asiyejua bahari. Basi akaanza kunisimulia, nami tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari za mtu huyu kila ninapoweza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Chandrashekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, katika familia tajiri ya Wahindi wenye mashamba. Huyu basi hakuanza maisha na shida ya karo kama wengi wetu. Alipofika umri wa miaka 21 alianza mashindano ya magari akiendesha BMW. Pengine watu walimwona kijana wa kitajiri anayecheza na petroli ya baba yake. Lakini mashindano aliyoyapenda hayakuwa ya kuchezewa.

Hapa inafaa nieleze Safari Rally ya zamani ilikuwa nini, kwa sababu sisi wa leo tunaijua ile ya Naivasha tu. Mashindano haya yalianza mwaka wa 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani msimu wa mvua ndefu. Magari yalikwenda mchana na usiku kwa siku kadhaa, mwendo wa kilomita 5,000 hivi. Kutoka hapa Voi mpaka Nairobi ni kilomita zipatazo 330. Kwa hiyo, ndugu msomaji, piga hesabu: ni kama kwenda Nairobi mara 15 mfululizo, na sehemu kubwa si lami bali ni mawe, vumbi na matope. Tena barabara hazikufungwa! Dereva alikutana na lori la mkonge, ng'ombe wa watu, punda, hata ndovu, kama wewe na mimi tunavyokutana nao.

Ushindi haukuwa wa kufika kwanza tu. Kulikuwa na vituo njiani, na kila gari lilipangiwa saa ya kufika. Ukichelewa unapata alama za adhabu. Mwenye adhabu chache zaidi ndiye mshindi. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 vilevile, 7 tu. Si mchezo, jamani.

Huku kwetu yalipita. Babu anasema kwamba Pasaka ikifika, watoto wa Mwatate walimaliza ibada kisha wakakimbilia kando ya barabara. Kwanza unaona vumbi jekundu likipanda upande wa Voi. Kisha unasikia mlio, halafu gari lenyewe, vyuma mbele na mataa kama macho ya mdudu. Likishapita unabaki na meno mekundu. Huwezi kujua nani alikuwa ndani. Walirudi nyumbani na kungoja redio iwaambie waliyemwona ni nani. Milima ya Taita iliogopwa na madereva kwa sababu ya kona na ukungu wake, na Wataita walijivunia jambo hilo kana kwamba wao ndio walioichonga.

Turudi kwa Mehta. Mwaka wa 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama lake. Nyota ilikuwa inang'aa. Kumbe mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Idi Amin alikuwa amepindua serikali ya Uganda. Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliacha nyumba, maduka, mashamba, na makaburi ya wazazi wao. Familia ya Mehta nayo iliondoka ikaja Kenya.

Hebu fikiri. Una miaka 27. Nchi uliyozaliwa imekuambia wewe si wake. Jina lako limekuwa kosa. Wengine wangeketi wakalia, na nisingewalaumu. Mehta alirudi kwenye usukani.

Pasaka ya 1973, kabla mwaka haujatimia tangu tangazo lile, aliingia tena katika Safari na 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Mwaka huo ndio ubingwa wa dunia wa mashindano ya rally ulipoanza kuhesabiwa rasmi kwa makampuni ya magari, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Siku ya mwisho ilipofika, likatokea jambo la ajabu: Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa na Datsun, walikuwa na adhabu sawasawa! Baada ya maelfu ya kilomita hapakuwa na tofauti hata ya alama moja. Ikabidi sheria iamue. Sheria ilimpa ushindi yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuchafua kadi yake, naye alikuwa Mehta.

Nilipofika hapa katika masimulizi, babu alinyamaza akautazama mkono wangu. Nilielewa. Mashindano yale hayakuamuliwa na kona ya mwisho. Yaliamuliwa mwanzoni kabisa, pale ambapo dereva mwingine angedhani kosa dogo halina neno.

Baada ya hapo Mehta alingoja miaka sita. Mwaka wa 1974 alishinda Joginder Singh, yule Singasinga wa Kericho, akarudia tena 1976. Mwaka wa 1975 ilikuwa zamu ya Ove Andersson, 1977 Björn Waldegård, 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Bila shaka wapo waliosema Mehta alibahatisha mara moja kwa msaada wa sheria na sasa amekwisha.

Mwaka wa 1979 akaja na Datsun ndogo ya milango minne, na mwenzake Mike Doughty akisoma ramani. Wajerumani walikuwa wameleta Mercedes kubwa zenye injini ya lita 5. Ukiyatazama magari hayo mawili ungesema ni mbuzi na nyati. Mbuzi alishinda! Mercedes ya Hannu Mikkola wa Finland ilikuwa ya pili. Mwaka wa 1980 Mehta akashinda tena. Mwaka wa 1981 tena, na mwaka huo akamaliza wa tano katika hesabu ya madereva wa dunia nzima. Mwaka wa 1982 tena, mbele ya Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huo. Mara nne mfululizo, zote na Doughty. Ukijumlisha na ile ya 1973, mara tano. Ni mwaka wa 1983 tu ambapo Ari Vatanen alikuja kuikata minyororo hiyo. Katika Safari zote zilizohesabiwa kwa ubingwa wa dunia, hakuna aliyeshinda mara nyingi kuliko Mehta mpaka leo. Carl Tundo naye amefikisha ushindi wa tano mwaka wa 2018, lakini huo ulikuwa wakati Safari imetolewa katika ubingwa huo.

Siri yake ilikuwa nini? Wageni walikuja na magari yenye nguvu na mafundi wengi, wakakimbia kama wanaofukuzwa na nyuki. Ila gari likivunjika springi porini, nguvu zote za injini hazikusaidii. Mehta alijua njia, alijua mvua, alijua wapi pa kukanyaga na wapi pa kulihurumia gari. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Lakini tusikosee: mtu huyu hakwenda pole hata kidogo! Alikwenda kasi ile ambayo gari na barabara viliweza kustahimili, asiizidishe. Hilo ndilo somo nililolipata mtaroni kwa gharama ya mfupa.

Isiwe mnadhani kwamba hakuumia. Mwaka wa 1987, katika mashindano ya jangwani nchini Misri, alipata ajali mbaya iliyomwacha na majeraha makubwa, na huo ukawa mwisho wa mbio zake. Hata hivyo hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi, akafika mpaka kwenye shirikisho la magari la dunia, FIA, alikoongoza kamati ya mashindano ya rally. Mkewe, Yvonne, naye alikuwa mtu wa mbio, na aliwahi kuketi kando yake akimsomea ramani.

Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka. Safari wakati huo ilikuwa imeshaondolewa katika ubingwa wa dunia tangu baada ya 2002, na haikurudi mpaka 2021. Babu anasema alisikia kifo hicho redioni, akatoka nje akasimama kando ya barabara, bila kujua anangoja nini.

Sasa nina neno moja la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Nilipoileta habari hii katika mkutano wa Chama chetu, mwenzetu mmoja alisimama akapinga. Alisema mtu aliyezaliwa Uganda, na wazazi wake ni Wahindi, akafia Uingereza, anatuhusu nini sisi wa Taita Taveta? Kwa nini tusimwandike mtu wetu? Wengi walipiga makofi. Nami, nakiri, sikuwa na jibu. Niliketi.

Nilipompelekea babu swali hilo, hakukasirika. Aliniuliza Voi ni mji wa nani. Nikataja Wataita. Akaniuliza ni nani waliotandika reli ya kutoka Mombasa iliyouzaa mji huu, ni nani waliofungua maduka ya kwanza, ni nani wanaouza miraa, samaki na mitumba sokoni leo. Akaniuliza kule Taveta mpaka unapopita, ndugu wa upande huu na wa upande ule ni wa nchi ngapi. Halafu akaniambia kwamba yeye na wenzake, pale kando ya barabara, hawakuuliza kabila la vumbi. Gari lilipopita walishangilia, na redio iliposema Kenya imeshinda, walilala wakiwa washindi.

Nimelifikiri jambo hilo sana. Amin aliuliza swali lilelile alilouliza mwenzetu, tena akalijibu kwa siku 90. Uganda ikampoteza dereva, Kenya ikampata bingwa. Mtu akija kwako amefukuzwa na mikono mitupu, hujui amebeba nini moyoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara tano tulipona.

Kwa hiyo mwenzangu, sikukasirikia hoja yako, na nitafurahi tukijadiliana tena muhula ujao. Na kwa wale wawili tulioshindana nao mteremkoni: mkono umepona, baiskeli imetengenezwa, lakini msinialike. Nikishuka Wundanyi sasa nashika breki, na nikifika kona ya tano nashuka nikatembea.