Apolo Kivebulaya, mhubiri aliyerudi alikofukuzwa

Kila ninapofundisha habari za kuingia kwa Ukristo katika Afrika Mashariki, majina ambayo wanafunzi hutaja bila kufikiri ni yale yale: Krapf, Rebmann, Livingstone, na pengine Mackay wa Uganda. Siwalaumu hata kidogo, kwa maana hayo ndiyo tuliyowalisha sisi walimu. Siku moja niliwatupia swali ambalo halimo katika kitabu cha darasa. Niliwauliza ni nani aliyeichukua Injili hiyo kutoka kituo cha mmishenari na kuifikisha kwenye kijiji cha ng'ambo ya mlima, ambako mmishenari mwenyewe hakuwahi kutia mguu. Darasa zima likanyamaza. Ndipo nilipowasimulia habari za Apolo Kivebulaya, na tangu siku hiyo somo hilo halinikamiliki bila yeye.

Alizaliwa mnamo mwaka wa 1864 huko Singo katika ufalme wa Buganda. Alikuwa pacha, na kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuiona dunia, aliitwa Waswa kwa mujibu wa desturi ya Waganda. Ujana wake uliangukia miaka ya misukosuko. Kabaka Mutesa wa Kwanza alifariki mwaka wa 1884, akamrithi mwanawe Mwanga, na mwaka wa 1886 vijana wa ikulu waliokataa kuikana imani yao walichomwa moto kule Namugongo. Tangu 1888 Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki wakashikana kwa bunduki na mikuki, kila kundi likitaka kumweka Kabaka wake. Waswa hakukaa kando akitazama. Alikuwa amejifunza Uislamu kabla ya kuugeukia Ukristo, na alishika silaha katika vita hivyo. Natilia mkazo jambo hili kwa sababu tuna mazoea mabaya ya kuwasimulia watu wa Mungu kana kwamba walizaliwa wakiwa wamevaa kanzu nyeupe.

Jina lile la Kivebulaya lilitokana na koti. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilozoea kulivaa juu ya kanzu yake, na watu wakamtania kwamba ni kitu kilichotoka Ulaya. Mzaha huo ukamganda maisha yake yote. Jina la Apolo alilipata alipobatizwa mwaka wa 1895, naye alilitwaa kutoka kwa yule mhubiri hodari wa Kitabu cha Matendo ya Mitume.

Jambo moja linatuhusu sisi walimu hasa. Wakati huo Wakristo wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Aliyetaka kubatizwa alianza kwa kujifunza herufi, na mtu aliyeijua dini yake alijulikana kwa kitabu alichokishika mkononi. Hivyo Apolo alipotumwa kuhubiri katika mwaka huo huo wa 1895, alitumwa vilevile kufundisha kusoma. Kazi hizo mbili hazikuwa zimetenganishwa. Alikwenda kwanza Toro, magharibi mwa Uganda, kwa Mfalme Kasagama, na mwaka uliofuata akavuka kuelekea Mboga.

Msomaji ambaye hajaiona nchi hiyo aifikirie hivi. Ukitoka Toro unaelekea magharibi, ukiiacha milima ya Ruwenzori upande wa kushoto, kisha unateremka bonde kubwa lenye joto. Unavuka mto Semliki, unapanda tena, na hapo juu ndipo ilipo Mboga, ukingoni mwa msitu wa Ituri ambao mwisho wake hauonekani. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wamemtangulia Apolo huko, nao walirudi kwa njaa. Chifu wa mahali hapo, Tabaro, aliwakataza watu wake kuwapa chakula. Apolo alizijua habari hizo, na kabla ya kwenda alitumia fedha zake kununua jembe. Mimi huona kwamba jembe hilo linatuonyesha mtu huyu kuliko mahubiri yoyote aliyoyatoa, kwa sababu wa kulima mwenyewe hafukuzwi kwa njaa.

Sina nia ya kumfanya Tabaro kuwa Farao wa kisa hiki. Alikuwa na sababu zake. Waganda wale walikuja nyuma ya Kasagama, na nyuma ya Kasagama ilikuwapo bendera ya Mwingereza. Chifu gani mwenye akili asingeshuku kwamba kitabu kimetangulia tu na kodi inafuata? Fauka ya hayo, mafundisho ya Apolo dhidi ya pombe, hirizi na wingi wa wake yaligusa nyumba ya chifu moja kwa moja. Apolo alipigwa viboko, akatupwa majanini akidhaniwa amekufa, na mwanamke mmoja akamwokota na kumtunza kwa siri hadi akapata nguvu. Alipopona, alianza tena kufundisha mbele ya macho ya chifu yule yule.

Kisha yakatokea mauti. Wakristo walikuwa wakijenga, na katika shughuli ya kubeba matete na nyasi dada yake Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Lawama ikaelekezwa kwa Apolo. Mwaka wa 1898 alikabidhiwa kwa afisa Mwingereza aliyeitawala wilaya ya Toro, akatiwa minyororo na kufungwa. Tazama basi kinyume cha mambo: mtu aliyeshukiwa kuwa kibaraka wa Wazungu alikuwa gerezani mwa Wazungu kwa mashtaka ya mauaji. Katika siku hizo za giza, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua na kumwamuru aendelee kuhubiri bila woga, kwani hakuwa peke yake. Mimi si mtu wa maono, na mwanafunzi anayetaka kulijadili jambo hilo namwacha alijadili. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyetoka gerezani hakuwa mtu aliyevunjika. Aliachiliwa, naye akarudi Mboga.

Kurudi huko ndiko kunakonifanya niandike. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeomba apangiwe kazi mahali pengine, na hata wakubwa wake wangeridhia. Alirudi kwa watu waliomshtaki, na baada ya muda Tabaro mwenyewe akaomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Siku hizi tuna wahubiri wengi wenye ujasiri. Utawakuta kwenye vituo vya matatu na vipaza sauti, na wengine hukodi viwanja vizima. Siwadharau, maana miongoni mwao wamo wakweli. Lakini najiuliza ni wangapi ambao wangekwenda tena, bila kipaza sauti wala sadaka, katika kijiji kilichowacharaza viboko. Nami najiuliza swali hilo mwenyewe kwanza, kwa sababu nimewahi kuomba uhamisho kwa sababu ndogo mno kuliko hizo.

Miaka yake ya katikati nitaipita upesi. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903, akafanya kazi Toro kwa miaka mingi, akifungua makanisa na kutembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuwa na mke katika miaka hiyo ya utume, na nyumba yake ilijaa watoto wa watu. Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mpaka. Kwa makubaliano ya mwaka wa 1910 Mboga ikahesabiwa kuwa ya Kongo ya Wabelgiji, na ghafla wanafunzi wa Apolo wakajikuta katika dola nyingine. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliruhusiwa kurudi kwao, akabaki huko hadi mwisho.

Alikuwa na umri unaokaribia miaka sitini alipoanza kazi iliyomletea sifa kubwa zaidi. Kuanzia mwaka wa 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwaita kwa majina ya dharau na kuwahesabu nusu watu. Sisi Waswahili nasi hatujaoshwa mikono katika hilo, kwa kuwa neno letu la mbilikimo limetumika kama tusi mara nyingi. Apolo aliwafuata katika kambi zao, akaketi nao, akawafundisha kusoma kama alivyowafundisha wana wa machifu. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe mjini Kampala, heshima kubwa kwa kasisi Mwafrika wa siku hizo. Aliipokea, kisha akarudi msituni.

Kanisa alilolianzisha lilikua. Mwaka wa 1972 Mboga, ambayo leo huandikwa Boga, ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Mei 30 ya kila mwaka, siku aliyofariki Apolo, hukumbukwa katika kalenda za Kianglikana hata huko Uingereza. Na usiku wa Mei 30 kuamkia Mei 31, 2021, watu wenye silaha walivamia Boga na kijiji jirani cha Tchabi, wakaua zaidi ya watu hamsini. Nilipoisoma habari hiyo nilirudia tarehe mara mbili. Wako watu ambao hadi leo wanaishi imani yao katika kijiji hicho, huku wakilala na kuamka kwa hofu, nao hawaandikwi magazetini ila wanapokufa.

Apolo mwenyewe alifariki mwaka wa 1933. Alikuwa Kampala akiugua, penye hospitali na rafiki zake wa zamani, na alipojua kwamba mwisho u karibu aliomba arudishwe Mboga. Alipelekwa, akafia huko. Alikuwa ameacha agizo moja kuhusu kaburi lake. Desturi ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki, upande ambao kwake ndio uliokuwa Buganda na nyumbani kwao. Yeye alitaka alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko bado walikuwapo watu ambao hakuwa amewafikia. Wakamzika hivyo.