Myers: Msomi wa Kilatini aliyewasaka wafu

WASOMI wengi wa Uingereza ya karne ya 19 waliposikia habari za mizimu walicheka. Frederic Myers hakucheka. Aliyaandikia mambo hayo vitabu vinene, akayapanga mafungu kwa mafungu kama mtaalamu wa mimea apangavyo majani.

Alizaliwa Februari 6, 1843 mjini Keswick, kaskazini mwa Uingereza, akiwa mwana wa kasisi. Kilatini na Kigiriki vilimkaa mapema. Tangu utotoni ushairi wa Virgil ulikuwa mdomoni mwake. Mwaka 1860 alijiunga na Trinity College, Cambridge, na huko akatwaa tuzo baada ya tuzo.

Kiburi kilimponza mwaka 1863. Iligunduliwa kwamba shairi lake la Kilatini, ambalo lilikuwa limeshinda tuzo, lilikuwa na mistari iliyonyofolewa kutoka kwa mashairi ya washindi wa Oxford. Ikambidi airudishe tuzo. Sisi tunaohariri kazi za wengine tunalijua doa la namna hiyo, halifutiki upesi.

Hata hivyo alipewa kazi ya kufundisha chuoni. Aliiacha mwaka 1869 ili apiganie elimu ya juu ya wanawake, na kuanzia 1872 akawa mkaguzi wa shule. Mshahara wa ukaguzi ndio uliomlisha. Usiku ulikuwa wa mizimu.

Kwa nini msomi wa kiwango chake afuate njia hiyo? Imani ya Kikristo aliyolelewa nayo ilikuwa imemponyoka, na wazo kwamba kifo ndio mwisho wa yote halikumpa usingizi. Kisha akampenda Annie Marshall, mke wa binamu yake. Mwaka 1876 Annie alijitoa uhai. Myers alioa mwanamke mwingine mwaka 1880 na kupata watoto watatu, lakini ni vigumu kuyasoma maandishi yake ya baadaye bila kukiona kivuli cha marehemu huyo.

Mwaka 1882 yeye, Henry Sidgwick, Edmund Gurney, William Barrett na wengineo waliasisi chama cha Society for Psychical Research, kilichokusudia kuyachunguza mambo hayo kisayansi. Mwaka huo huo Myers alibuni neno telepathi, ambalo leo limo katika kamusi za lugha nyingi. Miaka minne baadaye yeye, Gurney na Frank Podmore walitoa juzuu mbili zenye visa takriban 700 vya watu waliodai kuwaona jamaa zao waliokuwa mbali, aghalabu wakiwa katika saa ya kufa. Mashahidi walihojiwa, barua na tarehe zikalinganishwa.

Uangalifu huo haukuwakinga na wajanja. Douglas Blackburn, mmoja wa vijana wawili wa Brighton waliowasadikisha watafiti hao kwamba wanasomana mawazo, alikiri baadaye kuwa ulikuwa mchezo wa ishara za siri. Mwenzake alikana.

Myers alifariki Roma Januari 17, 1901. Kazi yake kuu, juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 1,300 kuhusu nafsi ya binadamu na kudumu kwake baada ya mwili kufa, ilikamilishwa na wenzake na kuchapishwa 1903. Mna faharasa ya istilahi, visa vya ndoto, usingizi wa kiinimacho, maono na wafu wanaodaiwa kusema. Wanasaikolojia, akiwemo William James wa Marekani, waliithamini hasa hoja yake ya nafsi iliyojificha chini ya ufahamu wetu.

Kabla ya kufa alikuwa ameacha jaribio. Mwaka 1891 alimkabidhi mwanafizikia Oliver Lodge bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akinuia kuutaja ujumbe uliomo kutoka ng'ambo ya kaburi. Margaret Verrall, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini mjini Cambridge, aliamini kwamba mkono wake, ukiandika wenyewe, ulikuwa umeupokea ujumbe huo.

Bahasha ilifunguliwa Desemba 1904 mbele ya wanachama. Maandishi ya Verrall na yale ya Myers hayakulingana.